Onja Yangu ya Kwanza

Jumatano, Novemba 19. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika saa moja, na ukungu ukakaa juu ya vilima vya Iveti mpaka saa nne. Halafu jua likatoka, na udongo wa mlangoni ukaanza kushika viatu vya kila anayeingia. Bi Zainabu yuko kwetu tangu jana. Ametoka Mombasa kuja kuliona kaburi la mumewe, Mzee Idi, ambaye alikufa mwaka jana akiwa amekuja hapa Machakos kuwasalimia watu wake, akazikwa siku ile ile. Eda ilipokwisha miguu yake ikawa inamsumbua, ndiyo maana amechelewa. Nilimwandalia sebule, nikaweka na mito, lakini amekataa. Anasema mtu akikaa sebuleni husikia habari za redio tu. Kwa hiyo tangu tuliporudi makaburini amekaa jikoni kwenye kiti cha plastiki, na leo asubuhi tumeongea jambo ambalo nimelibeba tangu nikiwa na miaka kumi na saba: kwa nini sikurudi shule. Kabla ya kuandika tulivyosema, lazima niandike kwanza ule mwaka wa kwanza nilioishi kwao, yeye na Mzee Idi, la sivyo maneno yenyewe hayataeleweka.

Nikumbushe kwamba mimi nilisoma mpaka kidato cha pili, na si chote. Nikikosea mahali, ni kwa sababu hiyo, au ni kwa sababu daftari langu la mwaka ule liliingiwa na mchwa na kurasa za katikati zimebaki kama kitambaa cha kimia. Nina Januari, nina kipande cha Aprili, nina Oktoba yote. Yaliyo katikati nimeyaandika kutoka kichwani, na kichwa changu kinapenda kupanga vitu vikae vizuri kuliko vilivyokuwa. Mahali nisipokuwa na hakika nitasema.

Nilifika kwao mwezi wa kwanza. Shangazi yangu alikuwa anashonewa nguo na Mzee Idi, akaniombea kazi ya kusaidia pale na kujifunza taipu. Kilikuwa chumba kimoja cha mbele na kingine cha nyuma, mtaa wa pili kutoka mahakamani, hapa Machakos. Katika chumba cha mbele cherehani ilikaa upande wa kulia na mashine ya taipu upande wa kushoto, zote mbili zikitazama barabara, ili mtu aliyekuja kwa suruali aone kwamba anaweza pia kuandikiwa barua, na aliyekuja kwa barua aone kwamba mkono wa shati lake umeachana. Mzee Idi alishona. Bi Zainabu alitaipu: barua za kuomba kazi, barua za kwenda kwa chifu, maombi ya plot, malalamiko ya shamba, kila kitu. Zikilia pamoja, cherehani na taipu, hungeweza kusikia mtu akibisha. Chumba cha nyuma kilikuwa na jiko la makaa, meza, na kitanda chao nyuma ya pazia, na mimi nililala kwenye kistoo cha kando, juu ya marobota ya vitambaa. Mpaka leo nikishika kitambaa kipya ambacho hakijafuliwa, ile harufu ya wanga hunipa usingizi.

Mzee Idi alikuwa Mkamba kama mimi. Alisilimu akiwa kijana alipokwenda Mombasa kutafuta kazi, na huko ndiko alikompata Bi Zainabu, ambaye ni mtu wa Mombasa mzaliwa. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na Kiswahili cha aina mbili. Cha Mzee kilikuwa cha kwetu, kimejazwa Kikamba pale kinapopungua. Cha mkewe kilikuwa kinateremka tu, na hakikuniacha nipumzike. Na Bi Zainabu alikuwa na ugonjwa mmoja, yeye mwenyewe aliuita ugonjwa: hakuweza kutaipu hoja mbaya. Mtu alimwambia, "Mama, mimi nimekulipa kuandika, si kufikiri," naye akajibu, "Jina langu haliko kwenye barua, lakini vidole ni vyangu." Alikuwa na maneno yake ya kuzikataa. Hafifu. Butu. Haina mashiko. Ikiwa mbaya sana, alitoa karatasi kwenye mashine na kusema, "Hii hata kwa mama yako mzazi haipiti." Na lile alilolitumia zaidi alilichukua kwa mumewe. Nguo ikiwa kubwa kwa mtu, inaning'inia mabegani, Mzee Idi alisema imepwaya. Bi Zainabu akaliweka kwenye barua: hoja ya huyu imepwaya. Mzee naye, akiona mkewe anambana mteja, aliongeza ya kwake bila kuinua macho: "Hiyo imeshonwa kwa mate."

Mwezi wa pili, nafikiri ulikuwa wa pili, alikuja bwana mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe kwenye ranchi kule Konza. Tajiri wake alikuwa na shamba lingine Matuu, na huyu bwana alitaka kuhamishiwa huko. Mimi nilikuwa nimekaa chini napanga karatasi za kaboni.

"Andika," akamwambia Bi Zainabu, "kwamba Konza kuna upepo."

"Upepo uko kila mahali, bwana."

"Wa Konza ni mwingine. Unaingia mpaka kwa mifupa."

"Na ng'ombe waupata upepo huo huo?"

"Wanaupata."

"Basi hiyo imepwaya. Tajiri atauliza mbona ng'ombe hawajaomba kuhama. Nyingine?"

Yule bwana akafikiri, akivuta sikio lake. "Matuu kuna maembe."

Mzee Idi alisimamisha cherehani.

"Maembe," Bi Zainabu akarudia.

"Mimi ni mtu wa maembe tangu utoto."

Nilimhurumia. Nikasema pale chini, "Bi Zainabu, si umwandikie tu? Ako na onja mbili, na zote ni za ukweli."

"Ana nini?"

"Onja mbili."

Hapa nieleze, kwa sababu mtu asiyetoka kwetu anaweza kupotea. Sisi Wakamba wa upande wa Kithyoko, hasa enzi zile, tukisema Kiswahili kuna herufi tunazimeza na zingine tunaziongezea. Ile h inapotea, ile j inapenda kuingiliwa na n. Mimi nilitaka kusema hoja. Mdomo wangu ukasema onja. Na Bi Zainabu hakunicheka kwanza. Aliniangalia, akaangalia karatasi, kisha akaweka kidole kwenye karatasi na kukipeleka kwenye ulimi, kama mtu anayeonja mchuzi. "Haya, tuonje basi. Ya upepo haina kitu. Ya maembe…" Akafumba macho. "Tamu kwa mbali, lakini chapwa. Bwana, huna hata moja iliyotiwa chumvi?"

Tulicheka sote. Yule bwana alicheka mpaka akaegemea mlango. Na bado akicheka, akisafisha macho, akasema, "Mke wangu ako Matuu. Macho yake yameanza kukataa. Juzi alijimwagia maji ya moto kwa mguu." Bi Zainabu aliingiza karatasi mpya na mashine ikaanza kulia, na barua ile haikufika hata nusu ya ukurasa. Kama alihamishwa au la, sikujua. Ningependa kuandika kwamba alihamishwa.

Kuanzia siku ile hoja ikawa onja katika nyumba ile, na kila mtu aliyekuja na sababu alionjwa. Wateja hawakujua, walidhani tunaongea habari za chakula cha mchana. Bi Zainabu aliniuliza mbele yao, "Ndinda, wasemaje?" nami nikasema mbichi, au imelala, yaani ni ya jana, kila mtu ameshaitumia. Mtu akija na hasira anagonga meza, hiyo imeungua. Mtu akija na maneno aliyofundishwa na wakili wa barabarani, Bi Zainabu alinusa hewa na kusema, "Ina moshi wa nyumba ya watu." Kulikuwa na mama mmoja aliyeandika kwa halmashauri kila mwezi juu ya kibanda chake sokoni, na sababu zake zilikuwa nzuri, ila katikati ya kila moja aliweka tusi dogo kwa jirani yake. Hizo tuliziita ndengu zenye mawe: unakula vizuri, halafu jino linagonga. Nimeishi na watu wengi tangu wakati ule, wenye digrii pia, na nimehudhuria mikutano ya kanisa na ya chama cha akina mama, na bado mtu akisimama kusema, maneno yanayonijia ni yale ya jiko la Bi Zainabu. Huwa nayaweka kimya. Sina ruhusa ya kumwonja kila mtu.

Mzee Idi ndiye aliyenifundisha ile h. Hakutaka mkewe ajue, alisema itamharibia starehe yake. Bi Zainabu akienda sokoni, yeye alikata uzi wa inchi nne, akaushika kwa vidole viwili mbele ya midomo yangu. "Sema hoja. Uzi usipotikisika, hujasema." Nikasema, uzi ukakaa kimya. "Asi!" akakataa kwa Kikamba. "Toa pumzi, mwanakwa, kama unapoesha uji." Aliniambia kwamba alipokwenda kumposa Bi Zainabu alimwamkia baba mkwe "abari", na mzee yule akamjibu, "Abari ndiyo nini, dawa?" Alichekwa mwaka mzima katika nyumba ile. "Sasa wote waliocheka wamekufa," akasema, "na mimi nimebaki na mke." Alisema bila uchungu, kama mtu anayesoma barua. Tulifanya hivyo siku nyingi. Kufika mwezi wa nane uzi ulikuwa unaruka kila mara, na hata ile j ilikuwa imetulia. Lakini ndani ya nyumba niliendelea kusema onja. Walikuwa wanaipenda, na mimi nilipenda walivyoipenda. Ilikuwa kama kuvaa nguo ambayo mtu amekushonea yeye mwenyewe.

Kitu ambacho hawakukijua ni hiki. Mwaka uliotangulia, katika shule niliyokuwa, kulikuwa na mjadala kila Ijumaa. Siku yangu ilipofika mada ilikuwa kwamba mbuzi ana faida kuliko ng'ombe, na mimi nilikuwa upande wa mbuzi. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima, nina maziwa, nina ngozi, nina kuvumilia ukame. Nikasimama, nikashika ukingo wa meza, nikasema, "Onja yangu ya kwanza ni mbuzi." Kulikuwa na wasichana wa mjini mstari wa nyuma. Mmoja akasema, "Tuonje!" Wa pili akalia kama mbuzi. Halafu darasa lote. Nataka nisiwaonee: Wakamba wenzangu walicheka, lakini wengi wao walicheka wakiangalia chini. Na mwalimu hakucheka. Alijikuna kidevu, akagonga meza, akasema endelea. Sikuendelea. Nilikaa, na tangu siku hiyo jina langu likawa Onja, kwenye foleni ya chakula, kwenye mabomba, hata na watoto wa kidato cha kwanza ambao hawakuwa pale. Muhula ulipoisha nilirudi nyumbani na sikurudi tena. Nilisema kichwa kinaniuma. Kwa kweli kilikuwa kinaniuma, lakini si hivyo nilivyosema.

Kwa hiyo siku ile ya yule bwana wa Konza, Bi Zainabu aliposema tuonje basi, nilidhani lile jina limenifuata. Halafu wakacheka, na kicheko chao hakikuwa kama kile. Siwezi kukieleza zaidi ya hapo. Neno ni lile lile, na karibu sauti ni ile ile, lakini kule lilinitoa nje na hapa likaniingiza ndani.

Mwezi wa kumi Bi Zainabu aliamua kwamba nirudi shule. Alikuwa amesikia kwamba shule moja ya kutwa hapa mjini ina nafasi kidato cha pili, na mwalimu mkuu ni mama anayesikiliza. Mambo ya karo alisema si yangu, wameshaongea na shangazi. Aliniita kwenye mashine, akasimama nyuma yangu, akasema nitaipu. Yeye alisema, mimi nikagonga, na ni barua iliyonihusu mimi. Nimetaipu barua nyingi tangu wakati huo, na sijawahi kuona iliyokaa mwilini kama ile. "Msichana huyu husoma kila karatasi ipitayo mbele yake, hata ile iliyofungiwa sukari." Gonga. "Akikosea hukasirika mwenyewe kabla hajakasirikiwa." Gonga. Nakiri kwamba nilifikiri kukosea anwani, herufi moja tu, barua ipotelee huko. Sikukosea. Ilikwenda, na baada ya wiki mbili jibu likaja: aje Jumatatu ya kwanza shule zikifunguliwa.

Ndipo nilipoanza kutoa sababu zangu, na walinionja kama walivyoonja wengine. Nilisema nitakuwa mkubwa kuliko wenzangu. "Hiyo imelala," Bi Zainabu akasema, akikoroga sufuria, "kila mtu huja nayo." Nilisema ni nani atataipu. "Mbichi. Nilianza kutaipu hujazaliwa." Nilisema vumbi la chaki hunikohoza. "Na vumbi la vitambaa ulalialo lakufanya nini, lakuimbia?" Nilisema macho ya Mzee hayaoni tundu la sindano, ni nani atamtungia uzi. Mzee Idi akageuka na mkasi mkononi. "Mimi usinitie kwa hiyo sufuria yenu! Mimi nimetunga uzi kabla ya Wazungu kuondoka." Tulicheka tena, na kila kicheko kilinipunguzia nafasi. Siku moja nilisema labda Mungu hakupanga. Bi Zainabu akasema polepole, kwa heshima, "Ina moshi, mwanangu. Hiyo umeiazima kwa shangazi yako." Ilikuwa kweli. Daftari la Oktoba linasema hivyo hivyo, na chini yake nimeandika: *hawa watu watanimaliza*. Lakini naona nilichora na jua kando, la kucheka. Sijui nilimaanisha nini.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Jumatatu ile, jua lilikuwa bado juu. Mzee alikuwa ametoka msikitini Alasiri na Bi Zainabu alikuwa anachoma chapati. Nguo ya shule ilikuwa inaning'inia mlangoni mwa kistoo. Mzee aliishona yeye mwenyewe, ya samawati, na hakuna mahali ilipopwaya. Tulikula chapati ya kwanza tukiwa tumesimama, tukigawana. Halafu Bi Zainabu akaweka mwiko chini.

"Ndinda. Tumezionja zote, hakuna iliyopita. Basi tupe moja ya kweli. Tupe, tuisikie, na kama ni ya kweli hatutakulazimisha."

Nilifungua mdomo. Ilikuwa hapo, kwenye ulimi. Ningesema: walinicheka kwa sababu ya lile neno. Lakini nikamwangalia, na macho yake yalikuwa yameshaanza kucheka kidogo kidogo, yanangoja niseme "onja yangu", na Mzee alikuwa ameinua kipande cha chapati kama mtu aliye tayari kuonja. Nikaona kwamba nikisema, mwaka mzima utageuka. Kila siku waliyocheka watairudia vichwani mwao na kuona walikuwa wananiumiza, na hawakuwa wananiumiza. Watanyamaza mbele yangu. Watasema hoja, kwa adabu, kama watu wa ofisi. Nikafunga mdomo, nikaufungua tena.

"Sitaki," nikasema.

Bi Zainabu alingoja, labda akidhani ni mwanzo wa sentensi. Ilipokuwa si mwanzo, alisema, "Haya," akageuza chapati. Ilikuwa imeungua upande mmoja na aliila yeye.

Jumatatu niliamka, nikafagia mbele, nikaondoa kifuniko cha mashine, nikaingiza karatasi. Nilisikia Bi Zainabu akioga kule nyuma bafuni, maji yakakatika, kisha yakaendelea. Nguo ya samawati Mzee aliifumua wiki ile ile, akaitoa mikono na kola, akaniambia itakuwa sketi nzuri, na ilikuwa. Hakuna aliyenikasirikia. Lakini tangu Jumamosi ile hakuna aliyeonja tena. Mteja wa kwanza alikuja na sababu iliyokuwa inalilia kuonjwa, alitaka chifu amfukuze jogoo wa jirani, na mimi nikamwangalia Bi Zainabu nikingoja, naye akaniangalia juu ya bega, si usoni, akasema, "Taipu kama anavyosema." Mimi niliyenyamaza ili nisiharibu ule mchezo, niliuharibu kwa kunyamaza. Nilikaa nao miaka mingine minne, mpaka walipohamia Mombasa, miaka mizuri. Lakini ukiniuliza mwaka wangu ni upi, ni ule.

Leo asubuhi nilikuwa namenya vitunguu, naye amekaa na kiti chake karibu na mlango ili apate mwanga. Tulikuwa tumetoka makaburini. Labda ni makaburi, labda ni kwamba Musyoka, mume wangu, alikuwa ametoka na hakukuwa na wa kutusikia. Nilimwambia yote: mbuzi, wasichana wa mstari wa nyuma, foleni ya chakula, Jumamosi na mwiko. Nikamwambia na sababu ya kutomwambia. Aliweka mkono nyuma ya sikio mwanzoni, halafu akautoa, nikajua anasikia vizuri.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Siamini."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Hakuwa na mzaha.

"Ni mimi nilichekwa, Bi Zainabu, si wewe."

"Kuchekwa naamini. Wasichana wale Mungu awasamehe, wengine sasa ni nyanya za watu. Lakini kwamba hiyo ndiyo sababu, siamini. Mwezi wa nane ulikuwa wasema neno lile sawasawa kama mtu wa kwetu Mombasa. Mzee alinambia. Alinambia, 'Huyu mtoto atuigizia.' Na shule ile mpya hapakuwa na hata mmoja akujuaye. Kuogopa, uliogopa wiki moja, nakupa mbili. Wewe ulikataa miezi mitatu."

"Sasa ilikuwa nini?"

"Ulikuwa na raha." Alisema kama mtu anayetaja rangi ya ukuta. "Ulikula, ulicheka, ulilala kwenye vitambaa, ulijua wateja wote kwa majina. Nani atoke pale aende akakae kwenye benchi aulizwe urefu wa mito?"

Miaka yote hii nimeiona ile sababu kama kitu cha thamani, nilichojinyima kwa ajili yao. Niliwahi hata kuiandika vizuri, kwa ajili ya wajukuu. Na mama wa miaka themanini ameikataa kabla kitunguu hakijaisha. Nilitaka kukasirika. Nilimenya kingine. Na nilipokuwa nikimenya nikaanza kujiuliza, ile Jumatatu nikiondoa kifuniko cha mashine nilisikia nini? Huzuni? Nimejaribu kukumbuka kwa haki. Nakumbuka ubaridi wa vitufe. Nakumbuka nilikuwa nikiimba, chini chini, wimbo wa kanisani.

Halafu akasema, akiangalia nje, "Na mimi nina langu. Jumatatu ile, niliposikia mashine, nilikuwa bafuni. Nilisema moyoni alhamdulillahi."

"Ulisema nini?"

"Nilishukuru, mwanangu. Hukwenda. Nilikuwa nimeandika barua ile kwa moyo mmoja, wallahi, na moyo wa pili ulikuwa wangoja ukatae. Kisha nikaona haya. Mtu mzima mimi, mtoto wa watu akosa shule, nami nafurahi. Sikuweza kukutazama usoni. Na yale mambo yetu ya kuonja, kila nikitaka kuanza, naona haya tena."

"Mimi nilidhani umekasirika."

"Nikasirike kwa lipi?"

Nikamwambia hakunikosesha kitu. Akaniambia nisimtetee, nimwache na lake, amelizoea. Sijui kama alisema "amelizoea" au "amelipenda". Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya mabati na nikaona si vizuri kumwambia arudie. Nimeandika yote mawili. Kwa haki naandika pia kwamba bado naamini wale wasichana walinifukuza shule. Na naamini kwamba nilikuwa na raha. Nimejaribu tangu saa tano kuchagua kimoja na sijaweza, na mwanga wa dirishani umekwisha.

Alikuwa aondoke kesho. Sasa ataondoka Jumatatu, ameshampigia bintiye simu. Jioni tumekula muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, na kuku wa kienyeji, aliyechinjwa na jirani yetu wa msikitini ili Bi Zainabu ale bila wasiwasi, na kabichi kidogo, na parachichi moja tulilolikata vipande vitatu. Musyoka alikula shingo. Bi Zainabu aliomba muthokoi mara ya pili, nikampakulia ukoko wa chini ya sufuria, kwa sababu nilijua ndio alioutaka.